Kuchonga jagwa wa kaburini kwa jiwe la Kisii (anza na sabuni kwanza)

Wenye mbuzi ya kukunia nazi nyumbani mtanielewa haraka, maana kile ni kigoda tu chenye ulimi wa chuma lakini sisi twakiita mbuzi na twakikalia. Sasa huko Nicoya, Costa Rica, ukingo wa kusini kabisa wa Mesoamerika (eneo la ustaarabu wa kale kuanzia Meksiko hadi Amerika ya Kati), watu wa kale walichonga jiwe la kusagia mahindi lenye miguu mitatu na kichwa cha mnyama kikatokeza mbele, jagwa (yule paka mkubwa wa madoa wa Amerika, kama chui) au kasuku, na mkubwa wao akifa anazikwa nalo. Upande wa pili wa nchi hiyo, pwani ya bahari ya Karibi, wakafanya ya miguu minne, jagwa mzima mzima na mkia wake. Mengi hayana hata dalili ya kusagiwa, ndo wataalamu wengine wakasema yalikuwa viti vya wakubwa.

Mimi nafanya hii ya Karibi. Nunua mche wa sabuni, kata kipande cha kiganja, chonga na kisu cha jikoni mpaka mkono uzoee, ukikosea unafulia nguo.

Ukishazoea, jiwe la Kisii, lile laini la kuchongea vinyago, kama sentimita 20 kwa 12 latosha. Kabla hujalipa ligonge kidogo, likilia vizuri chukua, likitoa sauti butu lina ufa ndani, achana nalo. Fanyia kazi nje, lilowe maji muda wote na uzibe pua, vumbi lake si zuri kwa kifua wallahi.

Chora umbo kwa juu na kwa ubavuni. Msumeno utoe kichwa kwanza halafu sahani ya mgongoni, iwe ya mviringo na ukingo umeinuka kidogo. Tumbo, yaani ule uwazi wa chini kati ya miguu, lisubiri! Hapa ndo wengi tunaharibu, mimi wa kwanza niliikondesha miguu mapema, nikawa nachimba katikati na patasi, mguu wa nyuma ukanibakia mkononi, siku 4 za kazi zimekwenda. Acha miguu minene mpaka tumbo liwe wazi kabisa, ndo uje na tupa polepole. Na mkia usiuachie hewani, uteremshe uushike mguu wa nyuma kama walivyofanya wao, unapendeza na pia unaubeba ule mguu. Kumbuka wenyewe hawakuwa na chuma, jiwe walilichonga kwa jiwe, tena la volkano, gumu si kama hili letu.

Meno yaonekane. Miguuni na kichwani chora mistari ya kukatana kama mkeka, kwa ncha ya msumari tu.

Msasa wa maji, mkali kisha laini. Ya kweli ni ya kijivu na hayang'ai kwa hiyo mimi naishia msasa wa katikati, wewe ukitaka ing'ae kama za kuuzia watalii paka nta usugue na kitambaa, shauri yako. Ila usisagie chakula. Yangu mamangu ashaiwekea chetezo juu.