Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuiandaa Zabbix kwa Proxmox VE 9

Proxmox VE 9, programu ya kuendesha mashine pepe (kompyuta kadhaa za kiprogramu ndani ya seva moja), ilitoka Agosti 2025, ikiwa imejengwa juu ya mfumo endeshi wa Debian 13. Kama unajiandaa kuhama kutoka toleo la 8, usianze na seva. Anza na Zabbix, programu inayozichunga na kupiga kengele zikipata shida.

Hifadhidata ya Zabbix itolewe nakala rudufu kwanza, na hili halina mjadala. Toleo kubwa jipya likiwashwa mara ya kwanza linabadilisha muundo wa hifadhidata papo hapo. Ukitaka kurudi nyuma, njia ni kurejesha ile nakala. Iwekwe kwenye mashine nyingine. Snapshoti (picha ya hali ya mashine) iliyo kwenye diski ile ile usiihesabu.

Endesha pve8to9, amri ya Proxmox ya kukagua kama seva iko tayari kuhama, kwenye kila seva na usome maonyo yote. Saa za seva zilingane. Kengele zizimwe kwa muda wa matengenezo tu.

Sasa ruhusa, na hapa utulie. Kuna kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza, niliitwa asubuhi nikakuta malori yamepanga foleni getini. Mizani inapima, lebo hazitoki. Mashine pepe ya lebo imesimama na hali yake imeandikwa io-error: hifadhi ilijaa usiku. Mashine zilikuwa zimeahidiwa nafasi kubwa kuliko iliyopo, na hifadhi ya namna hiyo ikijaa, mashine inayotaka kuandika inasimamishwa. Diski kujaa ni jambo la kawaida. Kilichoniuma ni kwamba Zabbix ilikaa kijani usiku kucha, na mlinzi wa zamu hakupata hata ujumbe mmoja.

Fundi aliyeiunganisha Zabbix na Proxmox alitengeneza tokeni mpya (ufunguo ambao Zabbix inaingilia Proxmox), akampa mtumiaji mwenye tokeni hiyo ruhusa, akaacha kisanduku cha Privilege Separation, yaani kutenganisha ruhusa za tokeni na za mtumiaji, na tiki yake kama kilivyokuja. Tiki ikiwepo, tokeni nayo lazima ipewe ruhusa zake. Na Proxmox haikatai kwa kelele: inajibu vizuri tu, ila orodha imechujwa. Majina ya seva yapo, mashine pepe na hifadhi hazimo. Zabbix ikiona kitu hakimo tena inakihesabu kimepotea. Kwa mpangilio wa kawaida wa toleo la 7.0, vipimo vyake vinazimwa mara moja na kufutwa baada ya siku 7. Kipimo kilichozimwa kitamwamsha nani?

Kwa hiyo mtumiaji na tokeni, wote wawili, wapewe ruhusa za kutazama: Sys.Audit (seva), Datastore.Audit (hifadhi) na VM.Audit (mashine pepe). Hakiki kwa amri ya pveum user token permissions, usiamini macho. Ruhusa ya VM.Monitor imeondolewa katika toleo la 9, hivyo kama umeiandika mahali irekebishe mapema. Kisha hesabu mashine zilizoko Proxmox na zilizoko Zabbix. Ikipungua hata moja, kazi haijaisha. Weka na kengele ya nodata, yaani inayolia data isipofika, kwenye vipimo ambavyo havijazimwa, ili ukimya wenyewe ukupigie simu. Halafu jaza hifadhi ya majaribio makusudi mpaka ujumbe uingie kwenye simu ya mtu wa zamu.

Mengine unayajua. Betri za UPS zipimwe, umeme wetu unaujua. Nywila ya root, yaani msimamizi mkuu wa seva, iwe kwa watu wawili. Usianze Ijumaa jioni, usiguse kitu siku ya kupakia mzigo wa uwanja wa ndege, na usiage mpaka bakapu ya usiku wa kwanza ipite na uifungue uone inasomeka.