Somo: Kupima Kuenea kwa Ukatili dhidi ya Wanawake

Wengi wetu tunaofanya kazi na vikundi vya wanawake hapa Mbeya huanzia kwenye daftari la Dawati la Jinsia na Watoto, tukadhani tumepata ukubwa wa tatizo. Daftari lile huhesabu waliofika polisi. Mwanamke wa Rungwe aliyepigwa akanyamaza hayumo. Ndiyo maana hatuna budi kwenda nyumbani kwake.

Hatua ya kwanza ni kuamua unamhesabu nani na kwa kipindi gani. Katika utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2005, miongoni mwa wanawake waliowahi kuwa na mume au mwenzi, asilimia 41 Dar es Salaam na asilimia 56 wilayani Mbeya walisema mwenzi amewahi kuwafanyia ukatili wa kimwili au wa kingono. Ukiondoa maneno "waliowahi kuwa na mwenzi", unakuwa umesema jambo jingine kabisa.

Hatua ya pili, chagua maeneo na kaya kwa bahati nasibu, kisha mwanamke mmoja tu katika kila kaya, ili mwingine asijue kilichoulizwa.

Hatua ya tatu, usiulize kama amefanyiwa "ukatili", kwa kuwa wapo wanaoliona kofi la mume kuwa jambo la kawaida. Taja vitendo: amekupiga kofi, amekusukuma, amekutishia kwa kisu?

Hatua ya nne ndiyo ninayoisisitiza zaidi. Mhoji awe mwanamke aliyefunzwa, wakae wawili peke yao, na utafiti utambulishwe kijijini kuwa ni wa afya ya wanawake. Mume akitokea, mhoji ahamie mara moja kwenye maswali ya chanjo za watoto, kwani takwimu haina thamani ikiwa aliyeitoa atapigwa jioni.

Swali (mwanachama, Mafinga): Mwalimu, Utafiti wa Demografia na Afya ulionyesha ukatili wa kimwili tangu umri wa miaka 15 kuwa asilimia 40 mwaka 2015-16, na asilimia 27 mwaka 2022. Je, umepungua?

Jibu: Huenda umepungua, ndugu yangu, lakini linganisha kwanza maswali, mafunzo ya wahoji na faragha waliyopata. Wanawake wakiogopa kusema, asilimia hushuka vilevile.

Swali (mwanachama, Tukuyu): Akilia katikati ya mahojiano, nifanye nini?

Jibu: Weka kalamu chini, dada. Msikilize, kisha muulize kama angependa kuendelea au kuacha, na akitaka msaada mwelekeze kwa afisa ustawi wa jamii au kituo cha afya ulichokwisha kuzungumza nacho kabla ya kuanza kazi.