Kuchagua chipu ya kupokea chaji bila waya: anza na betri

Wengi wetu tunaanzia pabaya. Tunafungua katalogi, tunatafuta chipu yenye wati nyingi, tunainunua, halafu kifaa kinachemka kama pasi. Mimi siku hizi naanza na betri.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya betri

Betri ya litiamu ya mAh 300 ikichajiwa kwa nusu ya ujazo wake inavuta miliampea 150. Zidisha kwa volti 4.2: hazifiki hata wati 0.7. Sasa chipu ya wati 15 ya nini? Kwa kifaa kidogo cha kuvaa, bq51003 ya Texas Instruments, iliyoundwa kwa wati 2.5, inatosha na kusaza.

Hatua ya 2: Chagua kiwango

Ukitaka mtumiaji aweke kifaa juu ya pedi yoyote ya kuchaji aliyonayo, ni Qi, kiwango cha kuchaji bila waya kinachotumiwa na simu nyingi. Ngazi yake ya msingi inaishia wati 5. Kifaa kikiwa kidogo mno, mfano kalamu, hata koili ya Qi, yaani waya uliozungushwa unaopokea umeme, haipati pa kukaa. Hapo fikiria kuchaji kwa NFC, mawasiliano ya karibu sana bila waya kama ya kadi za kugusa, megahezi 13.56, ambako wati 1 ndiyo kikomo lakini antena ileile inabeba data na umeme.

Hatua ya 3: Amua chipu itoe nini

Hapa usiwe na haraka. Kuna chipu kama bq51013B inayokupa volti 5 zilizotulia, kisha wewe unaweka chipu nyingine ya kuchaji betri. Na kuna kama bq51050B inayochaji betri yenyewe moja kwa moja hadi volti 4.2. Pacha wake, bq51051B, anafika 4.35. Soma herufi na namba za mwisho mara mbili kabla ya kuagiza, maana betri ya 4.2 haitakiwi kabisa kupewa 4.35.

Tuseme umechukua ile ya volti 5 ukaiunga na chaja ya lineari, aina inayogeuza volti za ziada kuwa joto. Betri iko volti 3.7, unachaji kwa ampea 1: 5 kutoa 3.7, mara 1, ni wati 1.3 za joto tupu ndani ya kasha lisilo na tundu la hewa, tena jirani na betri. Aina ya pili inakuondolea chaja hiyo. Ila kama kifaa tayari kina tundu la USB na chaja yake, mimi bado nachukua ya volti 5. Njia zote mbili zinaingia kwenye chaja moja na kazi imekwisha.

Vyovyote iwavyo, hakikisha ina pini ya kipima joto, na uitumie.

Hatua ya 4: Umbo la chipu

bq51013B inapatikana kwa QFN, umbo bapa lenye pini pembeni, ya milimita 4.5 kwa 3.5, au kwa vidoto 28 vya kulehemu chini ya tumbo lake. Kama unalehemu mwenyewe kwa hewa ya moto, chukua QFN. Vidoto huwezi kuvikagua bila eksirei.

Hatua ya 5: Koili na FOD

Pima koili ikiwa na feraiti yake (kile kibamba cha sumaku cha nyuma yake) na betri ikiwa mahali pake, ndipo ukokotoe kapasita za kwenda nayo. Chuma kilicho karibu hubadilisha kipimo.

FOD ni ulinzi dhidi ya vitu vya chuma. Kipokezi kinaiambia pedi kimepata umeme kiasi gani. Pedi inalinganisha na ilichotuma, na pengo likizidi inadhani kuna sarafu inayochomeka katikati. Niliwahi kurekebisha FOD bodi ikiwa wazi mezani, kila kitu shwari. Nilipofunga kasha, pedi ikawa inazima baada ya sekunde chache, kwa sababu betri na skrubu vilikuwa vinakula sehemu ya umeme bila chipu kujua. Kwa hiyo chagua chipu inayokuruhusu kurekebisha hesabu hiyo, kwa rezista kama bq51013B au kwa programu kupitia I2C (nyaya mbili ambazo chipu huzungumzia), na urekebishe kasha likiwa limefungwa, skrubu zote ndani.