Mjomba katuma video: namna ya kuikagua, na namna ya kumwambia

Kwetu mimi ndiye fundi wa familia. Nywila ikisahaulika napigiwa mimi, simu ikijaa picha napigiwa mimi, na habari nzito ya siasa ikitua alfajiri kwenye kundi letu la WhatsApp, watu hukaa kimya kungoja nitasema nini. Kazi hii sikuiomba. Nilibebeshwa kwa sababu nilikulia mbele ya kompyuta nikicheza michezo ya vita, na michezo hiyohiyo ndiyo iliyokuja kuniponza.

Siku moja mjomba alituma video ya ndege ya kivita ikitunguliwa usiku. Chini yake aliandika, kwa herufi kubwa tupu, kwamba vita vimeanza na vyombo vya habari vinaficha. Niliijua kabla haijafika mwisho: Arma 3, mchezo uliotoka mwaka 2013, ambao nimeucheza mpaka nawaota askari wake. Nikajibu palepale, mbele ya ndugu zaidi ya arobaini: "Mjomba, hii ni gemu," na kile kikatuni kinachocheka hadi machozi. Mjomba akatoka kwenye kundi. Jioni mama alinipigia, na hakuuliza habari za ndege.

Kwa hiyo siku hizi nina utaratibu.

Kwanza natazama vishale. Ujumbe uliosambazwa huwa na kishale kimoja juu yake. Ukiwa na viwili, umeshapita kwenye mnyororo wa mazungumzo matano au zaidi kabla ya kukufikia. Tangu Aprili 2020, ujumbe wa vishale viwili unaweza kuutuma kwa mtu mmoja au kundi moja tu kwa wakati. Vishale havithibitishi uongo wala ukweli. Vinachokuambia ni kwamba mjomba hakuwepo, aliyemtumia hakuwepo, na aliyemtumia huyo naye hakuwepo. Basi usimsumbue mzee wa watu kwa "umeipata wapi?" Hajui.

Pili, picha ilikotoka. Wajuaji wenzangu hukimbilia kuchungulia data zilizojificha ndani ya faili: saa, aina ya kamera, mahali. Usipoteze muda. Picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, data hizo huondolewa. Ipeleke kwenye Google Lens au TinEye itafute picha zinazofanana nayo. Kwenye TinEye, panga majibu kuanzia ya zamani zaidi, maana picha ya mafuriko ya "leo asubuhi" ikionekana miaka sita nyuma, kazi imekwisha. Kama ni video, isimamishe mahali penye jengo, bango au sura inayoonekana vizuri, piga picha ya skrini, kata pembeni zile herufi nyekundu walizobandika, kisha tafuta. Jaribu vipande vitatu au vinne. Cha kwanza huwa hakileti kitu.

Mfano ninaoupenda ni wa papa anayeogelea barabarani. Kwenye kimbunga Irene mwaka 2011 alikuwa Puerto Rico. Kwenye kimbunga Harvey mwaka 2017 alikuwa Houston. Kumbe ni papa yuleyule aliyepigwa picha na Thomas Peschak katika bahari ya Afrika Kusini, akimfuata mtu aliye kwenye kayaki, picha iliyochapishwa na jarida la Africa Geographic mwaka 2005. Mtu alimkata akambandika kwenye maji ya barabarani. Lakini sikiliza na hili: mwaka 2022, kimbunga Ian kilipopiga Florida, ikazuka video ya samaki mkubwa kama papa akikatiza kwenye maji yaliyofurika uani huko Fort Myers. Sisi wajuaji tulicheka. Shirika la habari la AP likaichunguza na kukuta video ni ya kweli. Tangu hapo "haiwezekani" nimeitoa kwenye orodha ya ushahidi wangu.

Tatu, michezo ya kompyuta, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiyo shamba langu. Novemba 2022 Bohemia Interactive, wenye Arma 3, walichoka kuona mchezo wao ukitangazwa kama vita halisi, wakaeleza namna ya kuutambua. Video hizo huwa za giza, zinatikisika, ubora wake ni duni, na mara nyingi hazina sauti. Makusudi hayo, ili usione kasoro. Watu wanaotembea ni nadra, kwa kuwa mchezo haujui kuwatembeza kama binadamu. Mimi naongeza la kwangu: tazama moshi. Rudia sehemu ya mlipuko mara tatu, nne, usiangalie moto, angalia wingu linalobaki. Kwenye video ya mjomba mawingu matatu yalitanuka kwa umbo lilelile, yakafifia kwa pamoja kama mapacha waliofundishwa gwaride. Moshi wa kweli una upepo wake.

Picha za akili mnemba nitazipitia haraka. Machi 2023 dunia nzima iliona Papa Francis akiwa na koti jeupe lililotuna, na wengi tuliamini. Lilikuwa zao la Midjourney, programu ya kutengeneza picha. Kuhesabu vidole hakutoshi tena, vidole wameshavirekebisha. Uliza aliyeitoa wa kwanza ni nani, na kama mpiga picha mwingine aliyekuwepo ana picha ya pembe nyingine. Tukio kubwa la hadharani lenye picha moja tu lina walakini.

Barua sasa. Barua yenye nembo, muhuri na sahihi ndiyo inayowashika wazee kuliko video yoyote. Mimi naanza na tarehe, kwa hesabu aliyoibuni mwanahisabati John Conway. Kila mwaka, tarehe 4/4, 6/6, 8/8, 10/10 na 12/12 huangukia siku moja ya wiki. Mwaka 2025 zote zilikuwa Ijumaa. Mwaka unaofuata sogeza siku moja mbele. Ukiwa mwaka mrefu, ule wenye Februari ya siku 29, sogeza mbili. Mjomba, ambaye alikuwa amesharudishwa kundini kwa juhudi za mama, alituma barua ya "Jumatatu, 14 Agosti 2025". Nikahesabu: 8/8 Ijumaa, kwa hiyo tarehe 14 ni Alhamisi. Jumatatu ilitoka wapi? Tarehe 14 Agosti ilikuwa Jumatatu mwaka 2023. Mtu alichukua barua ya zamani, akabadilisha mwaka, akasahau siku.

Safari hii sikuandika kundini. Nilimtumia peke yake, kwa sauti, kwa sababu maandishi hayana adabu hata ukiyapamba:

"Shikamoo mjomba. Ile barua nimeisoma, na jambo lenyewe hata mimi linaniuma. Ila kuna kitu kwenye tarehe kimenitatiza, naomba uniangalizie kwenye kalenda ya simu, Agosti 14, ni siku gani?"

Angalia nilivyoacha jibu mikononi mwake. Sikumtumia kiungo cha tovuti wala picha yenye duara jekundu. Na sikugusa siasa zake, maana kuikana barua si kuikana hasira iliyomfanya aitume. Ukichunguza usipate chochote, mwambie hivyohivyo kwamba umetafuta hujaona, usijifanye unajua.

Baada ya robo saa mjomba aliandika mwenyewe kundini: "Ndugu zangu, ile barua ifuteni, tarehe na siku haviendani. Nimekagua." Nimekagua! Nikanyamaza.

Kisha akanipigia nimfundishe ile hesabu. Sasa kwenye kila kikao cha familia anawaambia watu siku waliyozaliwa, hata wasiouliza. Kwa mama mdogo alikosea kwa siku moja. Alisahau mwaka mrefu.