Kutoka shahada nyingine hadi Udaktari wa Binadamu: namna ya kujiandaa nchini Tanzania

Mtu aliyehitimu uhasibu, sheria au sosholojia, kisha akatambua kwamba kazi anayoitaka hasa ni ya kutibu wagonjwa, kwa kawaida huanza kwa kuitazama shahada yake na kujiuliza itampunguzia safari kwa kiasi gani. Kwa Tanzania jibu ni kwamba haimpunguzii. Udaktari wa binadamu hapa husomwa kama shahada ya kwanza, kwa miaka mitano, ikifuatiwa na mwaka mmoja wa utarajali hospitalini, na mwombaji hupimwa kwa ufaulu wake wa Fizikia, Kemia na Biolojia. Kwa sababu hiyo, karatasi ya kwanza ya kutoa kabatini ni cheti cha kidato cha nne, hata kama kimekaa humo miaka kumi.

Kisome cheti hicho kwa utulivu, somo baada ya somo. Ikiwa ulifaulu masomo ya sayansi lakini ukaenda kidato cha tano kwa tahasusi ya sanaa au biashara, unaweza kurudi ukafanya mtihani wa kidato cha sita wa PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, kama mtahiniwa wa kujitegemea, mradi uwe na krediti tatu, yaani ufaulu wa daraja C au zaidi, za kidato cha nne. Ikiwa uliacha Fizikia na Kemia baada ya kidato cha pili, kama walivyofanya wengi, itakubidi kwanza uyafanye masomo hayo katika mtihani wa kidato cha nne, ambao hufanyika Novemba. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa kuona aibu kuketi chumba kimoja na vijana wa miaka 17. Nawasihi wasikatishwe na hilo, kwa kuwa hakuna kozi ya chuo kikuu inayoweza kuziba pengo la somo ambalo halikusomwa sekondari.

Sifa ya chini iliyowekwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kwa wanaotoka kidato cha sita ni ufaulu wa masomo yote matatu kwa daraja lisilopungua D kila moja, yaani pointi 6, kwa hesabu ya A kuwa pointi 5 na E kuwa pointi 1. Kiwango hicho kinakuruhusu kuomba tu. Vyuo vya umma kama Muhimbili hupokea waombaji wengi wenye alama za juu kuliko nafasi zilizopo, na mtu atakayejiandaa kwa lengo la D tatu atakuwa amejiandaa kukosa. Lenga B au zaidi katika kila somo.

Katika kusoma, ningeshauri uanze na Kemia, na ndani ya Kemia uanze na moli, yaani kipimo cha kiasi cha dutu. Anayeielewa moli vizuri ataona hesabu za myeyusho, za gesi na za mlingano wa kemikali zikifunguka zenyewe, ilhali anayeiruka atakariri kanuni mia moja na kuzisahau zote mezani pa mtihani. Fizikia inadai hisabati, kwa hiyo rudia aljebra, trigonometria na logi kabla ya kugusa mada za mwendo na umeme. Biolojia ndiyo itakayokupa faraja mapema, maana mtu aliyezoea kuandika insha za historia au sheria tayari anajua kupanga hoja, na karatasi ya pili ya Biolojia ya kidato cha sita inataka maelezo marefu yaliyopangwa.

Jambo ambalo watahiniwa wa kujitegemea hulipuuza, nami naliona kuwa zito kuliko yote, ni mazoezi ya maabara. Vitabu na video haviwezi kukufundisha mkono kusoma bureti, kutambua chumvi kwa rangi ya mashapo yake, wala kupima sukari na wanga katika chakula bila kuharibu sampuli. Kabla ya kulipia kituo chochote cha masomo ya jioni, omba kuiona maabara yao, uulize wanafunzi huingia mara ngapi kwa wiki, na ukiona vumbi kwenye chupa za vitendanishi, tafuta kituo kingine.

Ipo njia ya pili, ambayo kwa mtu mzima mwenye familia huenda ikafaa zaidi. Stashahada ya utabibu husomwa kwa miaka mitatu chini ya usimamizi wa NACTVET, yaani Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, na huhitaji ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, yakiwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Mhitimu mwenye wastani wa B, au GPA ya 3.0, pamoja na ufaulu wa kidato cha nne unaotakiwa, anaweza kuomba udaktari. Njia hii ni ndefu zaidi, lakini katikati yake unakuwa tabibu mwenye kazi, uliyekwisha kuona wagonjwa.

Kabla ya kutumia fedha kwa njia yoyote kati ya hizo mbili, nenda kwenye kituo cha afya au hospitali ya wilaya, ukamwombe mganga mfawidhi ruhusa ya kujitolea siku za mapumziko, hata kama ni kupanga mafaili na kuelekeza wagonjwa. Tunza siri za wagonjwa, usiguse kazi isiyo yako, na uangalie kama unaweza kustahimili harufu, usiku mrefu na kilio cha ndugu. Hesabu pia gharama za miaka minane au tisa ijayo kana kwamba mkopo hautapatikana.

Mwisho, linganisha majina katika cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na cha shahada. Waliobadili jina kwa ndoa walishughulikie hilo kisheria mapema, kwa sababu dirisha la maombi huwa fupi, na maombi yenyewe huanzia kwenye namba ile ile ya mtihani wa kidato cha nne.