Kuchagua kuku wapole na jogoo wa kufuga uwani

Wifi yangu wa Machomane, Chake Chake, anataka kuku wa uwani: mayai ya nyumbani, vifaranga mara moja moja, na wanawe wadogo waweze kuingia bandani kuokota mayai bila ya kurudi wanalia. Nimemsaidia kuchagua, na aliyoniuliza ndiyo ninayoulizwa na wengi, kwa hiyo nayaweka hapa.

Hatua ya 1: Amua kama unamhitaji jogoo

Kuku jike hutaga bila ya jogoo. Jogoo anahitajika ukitaka mayai ya kuatamiwa tu. Nyumba zikiwa zimebanana na jirani ana kichanga au mgonjwa, fuga majike matupu. Ukiwa na nafasi, jogoo mmoja anawatosha majike 8 hadi 10. Wawili katika ua mdogo watapigana wao kwa wao na kuwachosha majike, hata kama wote ni wapole.

Hatua ya 2: Banda

Lisivuje masika, lipitishe upepo, liwe na wavu usiopenyeka na cheche, yule mnyama mdogo mla kuku. Basi.

Hatua ya 3: Chagua majike

Kwa nyumba yenye watoto mimi naanza na tembe wa kienyeji aliyekulia katikati ya watu. Hutaga mayai kama 10 hadi 15, kisha anaatamia mwenyewe na kulea mwenyewe, na hapo hana mpinzani. Shida yake ni mayai machache kwa mwaka. Kwa hiyo mchanganye na kuku wa Malawi, yule mweusi ambaye manyoya yake hung'aa kijani juani. Asili yake ni Australia na jina lake ni Black Australorp. Ni mtulivu mno, mtoto anambeba, na anataga vizuri.

Kuroiler, aliyetokea India, na Sasso, wa Ufaransa, nao ni watulivu na wana nyama. Lakini wanakula sana, na usiwategemee kuatamia. Rhode Island Red anataga, ila kwenye chombo cha chakula huwaonea wenzake. Kishingo, asiye na manyoya shingoni, napenda kumpendekeza kwa joto letu, maana anapoteza joto kwa urahisi na hahemi mdomo wazi mchana kutwa. Brahma mwenye manyoya hadi vidoleni simshauri mtu wa visiwani: joto linamtesa, na masika miguu yake hujaa matope.

Kuchi mwachie anayemjua. Ni kuku mzuri, mrefu, mzito, lakini damu yake ni ya ugomvi, na majike yake pia hupigana.

Ukimkamata jike kabla ya kununua, mwinue kwa kiganja chini ya kifua, miguu katikati ya vidole vyako. Mpole atapapatika kidogo kisha atatulia, utahisi moyo wake ukipungua kasi. Hapo hapo mpulizie manyoya chini ya bawa na karibu na mkia utazame chawa na utitiri.

Hatua ya 4: Chagua jogoo

Hapa ndipo watu wanapoumia, kwa hiyo nitarefusha.

Usimnunue jogoo aliyefungwa miguu sokoni, iwe Darajani au kwengine. Jogoo aliyelala kwenye tenga anaonekana mpole daima, na huwezi kujua anaishije na majike wala kama ametoka penye kideri, yaani mdondo. Nenda nyumbani kwa anayemfuga, asubuhi, kabla banda halijafunguliwa.

Banda likifunguliwa, rusha konzi ya mtama au chicha ya nazi. Jogoo mzuri huokota punje, anaiangusha, anaiokota tena huku akiita ko-ko-ko, na anawaacha majike wale kwanza. Anayewafukuza na kula peke yake mwache. Kisha tazama migongo ya majike: wakiwa wamenyonyoka manyoya wote, huyo anawapanda kwa fujo, au majike ni machache mno kwake.

Sasa mwendee taratibu. Mzuri atasogea pembeni huku akikutazama, na kuwaita majike wake wasogee naye. Akishusha bawa moja na kukuzunguka kwa ubavu, hapana. Mbele ya jike huko ni kutongoza. Mbele ya mtu ni kutaka vita.

Umri una maana kubwa. Pora wa miezi minne hajaonyesha tabia yake, maana ukali huanza anapokomaa. Chukua aliyekaribia mwaka. Uliza pia alilelewa na nani. Pora aliyelelewa peke yake na kubebwa bebwa na watoto mara nyingi ndiye anayegeuka mkali, kwa sababu hamwogopi mtu na anamhesabu kuwa jogoo mwenzake. Aliyekulia chini ya majike wakubwa na jogoo mzee amefundishwa adabu. Na kwenye chotara angalia dalili za kuchi: shingo ndefu, mwili uliosimama wima, undu mdogo uliolala kichwani.

Upole wa siku za mwanzo usikudanganye, ugeni humnyenyekeza kila jogoo. Mpe wiki kadhaa kabla ya kuwaachia watoto. Wakataze watoto kumrushia mawe au kumkimbiza. Wewe nawe usimpige teke, maana utakuwa umekubali vita. Pita njia yako bila ya kurudi nyuma. Akikujia, mkamate umbane kwapani mpaka atulie.

Lakini akimrukia mtoto, usimpe nafasi nyengine. Kucha zake za nyuma zinafika kwenye macho ya mtoto mdogo. Mchinje, na usimuuzie mtu mwenye watoto.

Hatua ya 5: Waunganishe

Wageni wote wakae mbali na kuku wako kwa wiki 2 hadi 3, na vyombo vyao peke yao. Chanjo ya kideri ya I-2 ni tone moja jichoni kila baada ya miezi 3; muulize bwana mifugo wako. Waingize bandani usiku, wakiwa wamelala, na asubuhi mwaga chakula sehemu mbili au tatu.

Vifaranga vikitoka, vifungie na mama yao wiki za mwanzo. Kunguru hawa walioletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890 hawamwogopi jogoo. Yeye atapiga ukelele akiona mwewe, lakini kifaranga kilicho mbali hakiwahi kufika.

Hatua ya 6: Mbadilishe jogoo

Mabinti zake huanza kutaga wakiwa na miezi kama 6. Kabla ya hapo badilishana jogoo na mtu wa shehia nyengine, ambaye kuku wake hawakutoka kwako, asije akapanda wanawe. Huyo mpya mpimie kwa hatua ya 4, hata kama mwenyewe ni ndugu yako.