Jinsi ya kusoma plateleti za mgonjwa wa influenza kali (na kwa nini usikimbilie aspirini)

Mgonjwa wa influenza akizidiwa akalazwa, mara nyingi anapimwa picha kamili ya damu, na kwenye karatasi ya majibu kuna mstari wa PLT, yaani idadi ya plateleti, chembe ndogo sana za damu, ambao wengi tunaupita tu manake tumezoea plateleti ni za kugandisha damu ukijikata, basi. Kumbe zinahusika sana na mapafu.

Anza na namba. Mtu mzima anakuwa na kama 150,000 hadi 450,000 kwa maikrolita moja, mashine nyingi zinahesabu kwa maelfu zinaandika 150 hadi 450 kwa hiyo usishtuke. Ikishuka chini ya hapo angalia majibu yaliyotangulia, manake namba inayoporomoka siku hadi siku inatisha kuliko namba moja iliyo chini kidogo. Pia saa zingine plateleti zinashikana ndani ya chupa ya sampuli na mashine inahesabu chache, omba maabara waangalie kwa darubini.

Sasa kwa nini zinashuka? Virusi vinaua seli za vifuko vya hewa, mishipa midogo ya damu iliyo pale jirani nayo inaumia, plateleti zikipita zinakuta jeraha zinang'ang'ania hapo, afu zinatoa nje protini inaitwa P-selektini inayonasa seli nyeupe za nyutrofili, na nyutrofili zikishachokozwa hivo zinarusha nyavu za DNA yao wenyewe. Nyavu zinakamata vijidudu ni kweli, lakini zinaumiza mapafu yenyewe na zinanasa plateleti zingine tena, vinatokea vibonge vya damu vinavyoziba mishipa, maji yanavuja kwenye vifuko vya hewa na mtu anahema kwa tabu hata kama virusi vimeanza kupungua. Hapo ndo utaelewa kwa nini PLT inasomwa pamoja na oksijeni na kasi ya kupumua, sio peke yake.

Utasikia mtu anasema basi tumpe aspirini izizuie plateleti zisishikane. Tafadhali, hapana! Kwa panya wa maabara dawa za kuzuia plateleti zimepunguza uharibifu wa mapafu, ila huyo ni panya. Mtoto au kijana mwenye influenza akipewa aspirini anaweza kupata sindromu ya Reye inayoshambulia ini na ubongo, na mtu ambaye plateleti zake zimeshuka tayari anaweza kuvuja damu. Kama daktari alishamwandikia aspirini kwa ajili ya moyo, muulize yeye kabla ya kuacha au kuongeza.

Dawa ya kuulizia mapema ni ya kupambana na virusi vyenyewe, mfano oseltamiviri, inafanya vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili zianze, ingawa mgonjwa aliyezidiwa anapewa hata akichelewa.

Na ukiona anahema haraka, midomo inageuka bluu, kifua kinauma au ameanza kuchanganyikiwa, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, majibu ya PLT mtayakuta huko huko.